Nyayo Tisa za Mwalimu

Asubuhi ya siku ya pili ya mashindano, miguu ya Mwalimu ilikataa kuingia kwenye raba. Alijaribu akiwa amekaa ukingoni mwa kitanda, akajaribu amesimama kashika kabati, akalegeza kamba mpaka kiatu kikaachama kama mtu anayepiga miayo, na bado kisigino kikagoma. Dada yake mkubwa, muuguzi mstaafu aliyekuwa akiishi naye tangu wote wawili walipobaki wajane, alisimama mlangoni na kikombe cha chai mkononi, akimtazama kwa lile jicho ambalo wauguzi wamewawekea wagonjwa wabishi.

"Hebu bonyeza hapo juu ya kifundo," dada akasema.

Mwalimu akabonyeza. Kidole kikaacha kishimo, na kishimo kikakaa palepale.

"Umeona? Miguu hiyo inataka kuinuliwa juu ya mto, siyo kupelekwa uwanjani."

"Leo ndiyo mwisho, dada. Kesho nitaiinua mpaka darini."

"Mwaka jana ulisema hivyohivyo."

"Mwaka jana nilikuwa natania."

Akavaa ndala, akazitia raba kwenye mfuko pamoja na taulo, chupa za maji na utepe wa kupimia, akaondoka. Safari hii hakuwa akitania hata kidogo. Alikuwa amechoka, na siyo ule uchovu wa kulala ukaamka umepona. Alikuwa amechoka na filimbi, na jua, na kuimeza chai akiwa amesimama, na kusema "inua goti" kwa namna ambayo hata ndotoni alikuwa akiisema.

Alifundisha michezo katika shule ya msingi mpaka akastaafu, na jina la kazi likamganda. Baada ya kustaafu alibaki na mwanariadha mmoja tu, lakini mmoja huyo alikuwa na michezo saba. Wasiojua hudhani mwanariadha hukimbia, au huruka, au hurusha, achague kimoja. Wa michezo saba hafanyi uchaguzi huo. Siku ya kwanza anaruka viunzi, anaruka juu, anatupa tufe, kisha anakimbia mita mia mbili. Siku ya pili anaruka mbali, anarusha mkuki, na wakati hata kope zinamuuma anawekwa kwenye mstari akimbie mita mia nane. Kila mchezo unampa pointi, pointi zinajumlishwa, na jumla ndiyo inayosema yeye ni nani. Mwenye kuvumbua jambo hili bila shaka alikuwa na kinyongo na mtu.

Na kocha naye hana pa kujificha. Klabu zenye uwezo zilikuwa na kocha wa viunzi, kocha wa mkuki, na kijana wa kubeba mikeka. Mwalimu alikuwa hao wote ndani ya jozi moja ya raba. Akitoka kupiga kelele kwenye kona, anakimbilia kwenye tufe. Akitoka kwenye tufe, anatafuta barafu. Siku ya kwanza hakukaa chini hata mara moja, na saruji ya uwanja ule ilikuwa haina huruma. Ndiyo maana miguu ilivimba.

Mwanariadha wake aliitwa Panzi. Jina alimpa Mwalimu mwenyewe, siku alipomkuta akiwa kitoto cha darasa la nne anauruka mtaro wa shule na begi mgongoni, anaenda anarudi, bila sababu. Sasa Panzi alikuwa mwanamke mzima mwenye mabega mapana. Asubuhi alifanya kazi katika duka la mjomba wake la vifaa vya ujenzi, akipakia saruji na nondo, jioni alikuja mazoezini na vumbi la saruji kwenye nyusi. Mjomba hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa ameshasema wazi: msimu huu ukiisha anamtaka dukani kutwa nzima, la sivyo atamtafuta mtu mwingine.

Kwa hiyo mambo yalikuwa mepesi kueleweka. Panzi akifikisha pointi zilizowekwa, anaingia timu ya taifa na kwenda kambini, huko ambako kila mchezo una kocha wake. Asipofikisha, anarudi kwenye saruji na habari ya michezo saba inaishia hapo, maana umri haukuwa unamngojea. Kwa vyovyote vile, Mwalimu alikuwa amemaliza kazi. Hilo wazo la kumaliza ndilo lililomtoa kitandani asubuhi ile. Hakulisema kwa mtu.

Mchezo wa kwanza wa siku ulikuwa kuruka mbali, na hapo ndipo Panzi huvuna. Mkuki wake ulikuwa wa kuombea, mia nane yake ya kujikaza, lakini kwenye mchanga alikuwa bingwa. Pointi alizohitaji zilikuwa mle mchangani.

Sasa, utepe wao ulikuwa na kisa chake. Zamani ulikuwa mrefu wa kutosha, mpaka siku mashine ya kukatia nyasi ilipoupitia ukabaki kipande. Kipande hicho kilikaribia kufika mahali Panzi anapoanzia mbio zake, lakini hakikufika. Basi Mwalimu akawa anamalizia kwa nyayo: utepe ukiisha anasimama, anaweka kisigino cha kiatu hiki kwenye ncha ya kiatu kile, mara tisa, halafu anabandika plasta nyeupe chini. Kwenye plasta hiyo Panzi anaweka mguu wa kushoto, anavuta pumzi na kuondoka, na akifuata hatua zake zote anaufikia ubao wa kurukia sawasawa, bila kuupita. Kwa nini nyayo za Mwalimu na siyo za Panzi? Kwa sababu walianza Panzi akiwa mtoto, na miguu yake ilikuwa inakua kila muhula. Ya Mwalimu ilikuwa imeshaacha kukua. Hata raba zake zilipochakaa alinunua zilezile, saizi ileile, rangi ileile ya udongo. Mwanzoni ilikuwa shida, baadaye ikawa kawaida, mwishowe ikawa kama imani.

Asubuhi ile alifika kwenye njia ya kurukia kabla watu hawajajaa. Akavua ndala, maana yeye hakanyagi njia ya watu na ndala zenye vumbi. Akavuta utepe kutoka kwenye ubao mpaka ukaisha, akatembea nyayo tisa, akabandika plasta. Njia ilikuwa bado na ubaridi wa asubuhi, na miguu yake ikapata nafuu kidogo. Akatamani aendelee kusimama pale mpaka jioni.

"Iko tayari?" Panzi akauliza kutoka kwenye benchi, akifunga kamba za viatu vyake vya spaiki.

"Lini haikuwa tayari?"

Panzi akamtazama kidogo, kisha akainamia kamba zake.

Kila mrukaji alikuwa na nafasi tatu. Inachukuliwa iliyo bora. Ukiukanyaga ubao na kuupita hata kwa ukucha, mzee wa bendera anainua nyekundu na ruko halihesabiwi, hata kama umetua ng'ambo ya dunia. Zikiwa nyekundu tatu, mchezo huo una sifuri, na mwenye sifuri katika mchezo mmoja anaweza tu kufungasha virago.

Panzi akasimama kwenye plasta kwa nafasi ya kwanza. Akaondoka vizuri, magoti juu, mabega yametulia, akagonga ubao, akapaa. Alitua mbali mno hata watu wa jukwaani wakasema "ooh" kabla ya kutazama bendera. Nyekundu. Kwenye ule udongo laini unaowekwa mbele ya ubao kulikuwa na alama ndogo ya ncha ya kiatu.

"Umenyoosha hatua za mwisho," Mwalimu akamwambia.

"Sijanyoosha."

"Umenyoosha. Umeona mchanga ukauparamia. Tulia, fupisha, ubao hauendi popote."

"Turudishe plasta nyuma?"

"Plasta haiguswi."

Hiyo ilikuwa sheria yake, na wanariadha wote waliowahi kupita mikononi mwake waliijua. Makocha wengine nyekundu moja tu inawatoa mbio, wanasogeza alama huku na huku mpaka mrukaji hajui tena anaanzia wapi. Mwalimu aliamini kwamba alama iliyopimwa vizuri haina kosa. Anayekosea ni anayekimbia. Miaka nenda miaka rudi sheria hiyo haikuwahi kumwangusha.

Kocha wa timu ya taifa akaja akasimama kando yake. Vijana walimwita Mtaalamu, kwa sababu ya tableti aliyotembea nayo, na yeye hakulikataa jina. Alikuwa mtu wa heshima. Kambini ndiye angempokea Panzi.

"Shikamoo, Mwalimu. Miguu vipi? Naona imevimba."

"Marahaba. Ipo. Inasubiri kustaafu kama mwenyewe."

"Ruko lile lingetosha na chenji kubaki," akasema, akitikisa kichwa. "Nimepiga hesabu. Akiruka la salama, la kuanzia nyuma ya ubao, pointi hazifiki. Mkuki wake hauwezi kuziba hilo pengo."

"Najua."

Alijua, na hakuhitaji tableti. Kichwani mwake hesabu ile ilikuwa ikizunguka tangu jana jioni.

Nafasi ya pili ilikuja na upepo mdogo wa mgongoni. Panzi akajaribu kufupisha hatua kama alivyoambiwa, na kwa mara ya kwanza katika miaka mingi akaonekana kama mtu anayefikiria miguu yake. Alifika ubaoni amejikunja, akaupita karibu nusu ya unyayo, akaanguka mchangani kama gunia. Nyekundu. Safari hii hakuna aliyesema "ooh".

Na hapo likatokea jambo ambalo Mwalimu angelificha hata kwa dada yake. Bendera ilipopanda, yeye aliona raha. Haikuwa kubwa, wala haikukaa, lakini ilikuwa raha, ile ya mtu aliyetuliwa ndoo kichwani. Basi, akawaza. Imekwisha. Kesho nalala. Halafu akamwona Panzi ameketi mchangani, hajanyanyuka, mchanga umemganda shavuni, na raha ile ikayeyuka.

Akajikongoja mpaka kwenye benchi, akaketi, kwa mara ya kwanza uwanjani tangu jana. Mkono ukaingia kwenye mfuko kutafuta chupa ya maji, ukaipapasa raba, ukaitoa ili kupata nafasi. Raba ikaanguka chini, ikakaa kando ya mguu wake mtupu, kisigino kwa kisigino.

Mwalimu akainama kuiokota, akasita. Kisigino cha mguu kilikuwa sawa na kisigino cha raba. Lakini kidole gumba kiliishia mbali kabla ya ncha ya kiatu. Akaweka vidole vyake viwili kwenye hiyo nafasi iliyobaki, vikaenea.

Akazitazama ndala zake zilizolala chini ya benchi, akaitazama njia ya kurukia, akaitazama plasta nyeupe kule mwisho. Vidole viwili, mara tisa. Hiyo ni shibiri nzima. Alikuwa amepima peku. Miaka yote alipima na raba, leo akapima peku, na plasta ikakaa shibiri nzima karibu mno na ubao, halafu akamwambia mtoto wa watu kwamba ananyoosha hatua. Damu ikampanda usoni kwa aibu.

Wakati huo Panzi alikuwa amefika, anajipangusa mchanga magotini.

"Kaa," Mwalimu akasema.

"Nikikaa sitainuka."

"Basi simama unisikilize. Siyo wewe uliyekosea. Ni mimi. Nilipima peku."

Alitegemea Panzi ashangae, au apandwe na hasira, na angekuwa na haki. Panzi hakufanya lolote kati ya hayo. Akachukua taulo, akajifuta shingo taratibu, akatazama pembeni.

"Nilikuona," akasema.

"Uliniona nini?"

"Ulipovua ndala. Nilikuwa hapa nafunga spaiki. Nikasema moyoni, leo Mwalimu anapima peku."

"Na ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

Kule kwenye njia mrukaji mwingine alipita mbio, akaruka, jukwaa likapiga makofi. Mwalimu alisubiri makofi yaishe. Alikuwa na maneno makali mdomoni, yamejipanga foleni, lakini alipomtazama Panzi usoni aliona kitu anachokijua. Alikuwa akikiona kila asubuhi kwenye kioo cha kabati.

"Kwa nini?" akauliza.

"Nimechoka, Mwalimu." Panzi alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayekiri ugonjwa. "Siyo leo. Tangu mwaka jana. Asubuhi saruji, jioni viunzi. Nikilala nasikia magoti yananung'unika. Na nikishinda ndiyo kwanza naenda kuanza upya, kambini, kwa watu nisiowajua. Nikaona, kama ni nyayo zako, basi siyo mimi niliyeacha. Watu watasema bahati mbaya, mjomba ataninunulia soda, yataisha. Sikupanga. Nilikuona tu, na mdomo haukufunguka."

"Lakini ulikimbia kwa nguvu zote. Nilikuona."

"Kukimbia ndiyo nimezoea. Nikisimama kwenye plasta sijui kufanya kitu kingine."

Mwalimu akaivuta pumzi, akaishusha. Akaona hakuna haja ya kujifanya mtakatifu mbele ya mtu aliyemlea kwa filimbi.

"Bendera ya pili ilipopanda, mimi niliona raha," akasema.

Panzi akageuka. "Raha?"

"Raha kabisa. Nikajiona nimelala, miguu juu ya mto."

Wakatazamana. Panzi ndiye aliyeanza kucheka, kicheko kibovu cha kuishiwa nguvu, mabega yakimtikisika. Mwalimu akajaribu kukunja uso, akashindwa, akacheka naye mpaka akashika ubavu. Mtaalamu, aliyekuwa amesimama mbali na tableti yake, aliwatazama kama anayetazama watu waliopigwa na jua.

"Sasa sikiliza," Mwalimu akasema, akijipangusa macho. "Ukitaka kuacha, acha. Vua spaiki hapahapa, mwambie mzee wa bendera umejitoa, twende nyumbani. Sitakuuliza neno, wala sitanuna. Ila acha wewe mwenyewe. Usiiachie miguu yangu ikufanyie kazi hiyo. Mimi nami sitaiachia bendera."

Panzi akaikunja taulo mkononi. Akautazama mchanga, ambao mfanyakazi wa uwanja alikuwa akiusawazisha kwa reki, polepole, kama hana haraka ya kwenda popote. Akatazama mikono yake yenye mikwaruzo ya nondo. Mwalimu hakumharakisha. Kwa mara ya kwanza katika siku mbili hakujua anataka jibu gani, na hakutafuta.

"Nikiruka la salama halitoshi?"

"Halitoshi."

"Na plasta ikiwa pale inapopaswa kuwa?"

"Ikiwa pale, unaondoka kama mwehu na kuruka kama ulivyoruka mwanzo. Hatua zako hazina ubaya. Nilikudanganya bila kujua."

Panzi akatupa taulo kwenye benchi.

"Lete kiatu," akasema.

Raba zilikuwa haziingii, na muda haukuwepo wa kubembeleza visigino. Basi wakafanya lililobaki. Mzunguko wa tatu ulikuwa haujaanza. Mwalimu akamwendea mzee wa bendera, ambaye alimfahamu tangu enzi za mashindano ya shule, akamwonyesha zile raba mbili bila maelezo. Mzee akazitazama raba, akautazama uso wa Mwalimu, kisha akapata jambo la muhimu sana la kurekebisha kwenye kijiti cha bendera yake.

Wakavuta utepe mpaka ukaisha. Kuanzia hapo wakapiga magoti, mwalimu na mwanafunzi wake, kandokando ya njia ya kurukia. Mwalimu akalaza raba ya kushoto, Panzi akalaza ya kulia mbele yake, kisigino kwenye ncha, Mwalimu akaitoa ya nyuma akaileta mbele, wakaendelea hivyo wakitambaa. Jukwaani watu wakaanza kucheka. Mmoja akapaza sauti kuuliza kama wanauza viatu. Magoti ya Mwalimu yalimwambia mambo ambayo hayaandikiki, lakini hakuruka hata unyayo mmoja.

"Tisa," wakasema pamoja.

Panzi akaing'oa plasta ya asubuhi, akabandika mpya. Kati ya mahali pa zamani na papya pangelala kiganja kilichonyooshwa.

Alipoitwa, alisimama kwenye plasta na mguu wa kushoto. Hakutazama ubao. Alimtazama Mwalimu, naye Mwalimu hakusema "inua goti", aliitikia kwa kichwa tu. Panzi akaondoka. Kuanzia hatua ya tatu Mwalimu alijua, kama mpishi anavyojua sufuria kwa mlio wake. Mguu ukatua katikati ya weupe wa ubao, mlio ukawa mmoja, mkavu, Panzi akapaa na akachelewa kushuka. Mzee wa bendera akainama, akautazama udongo laini kwa muda uliozeesha watu, akanyanyuka na bendera nyeupe.

Ruko halikuzidi lile la mwanzo. Lilipungua kidogo, maana miguu ilikuwa imeshalipa gharama ya mawili. Lakini lilihesabiwa. Mtaalamu akabonyeza tableti yake, akainua macho.

"Bado inawezekana," akasema. "Kwa tabu."

"Sisi hatujui njia nyingine," Mwalimu akamjibu.

Saa zilizofuata zilikuwa za tabu kama ilivyoahidiwa. Mkuki ulikwenda pale mkuki wa Panzi unapokwenda siku zote, siyo mbali, siyo aibu. Jua likahama upande wa pili wa jukwaa. Panzi alilala chini ya benchi na taulo usoni, akakataa kula, akakubali maji. Mwalimu akamkanda mashavu ya miguu.

Katika mia nane Panzi alikimbia mzunguko wa kwanza kama mtu anayekwenda kazini. Katika wa pili uso wake ukaharibika, mikono ikapanda juu kifuani, na kwenye kona ya mwisho alipitwa na wawili. Mwalimu alikuwa pale kwenye kona, ndala mkononi, amejiandaa kupiga kelele kama alivyopiga maisha yake yote. Sauti haikutoka. Basi akaanza kukimbia, ndani ya nyasi, peku, miguu imevimba, hatua kadhaa za kusikitisha. Panzi alimwona. Baadaye alisema alitaka kumwambia aache upuuzi, ila hakuwa na pumzi ya kusemea, ikabidi aitumie kukimbilia. Akampita mmoja wa wale wawili na kuanguka baada ya mstari.

Walianguka wote, kama wafanyavyo wa michezo saba mchezo wa mwisho ukiisha, wengine wamelalia mgongo, wengine ubavu, washindi na walioshindwa. Halafu, kama kawaida yao, wakavutana kuinuka, wakashikana mikono mstari mmoja na kuinamia jukwaa. Spika ikasoma jumla. Ilipofika ya Panzi, Mwalimu aliisikia namba, akailinganisha na ile iliyokuwa ikizunguka kichwani, akailinganisha tena kwa kutojiamini. Ilikuwa imezidi. Kidogo sana, kiasi cha kumfanya mtu aogope hata kupumua karibu nayo, lakini imezidi.

Mtaalamu akaja kumpa Panzi mkono, akamwambia gari la kambi linaondoka Jumapili, akamwambia Mwalimu maneno mazuri ambayo Mwalimu hakuyasikia vizuri kwa sababu masikio yalikuwa yakivuma. Akaenda zake.

Panzi akakaa chini kwenye nyasi, kando ya miguu ya Mwalimu, akauvuta mfuko.

"Kiatu kimoja naondoka nacho," akasema.

"Cha nini?"

"Cha kupimia."

"Kule wana utepe mzima. Wana hata vile vya mwanga wa taa, vya kupima bila kunyanyuka."

"Utepe haunijui." Alikuwa ameshaichomoa raba ya kushoto, anaisukumiza kwenye begi lake kati ya spaiki na taulo. "Nitapima na utepe wao, halafu nitahakikisha na kiatu."

"Sasa mimi na kimoja nitafanya nini, mwehu wewe?"

"Wewe umestaafu. Unahitaji viatu vya nini?"

Mwalimu akainama. Akauweka mkono juu ya kichwa cha Panzi, kwenye nywele zilizojaa mchanga na jasho, akauacha hapo. Walikaa hivyo mpaka mfanyakazi wa uwanja alipokuja na ufunguo kuwaambia anafunga geti.

Nyumbani dada alikuwa ameandaa beseni la maji ya uvuguvugu yenye chumvi, na mto juu ya kigoda. Hakuuliza matokeo, aliyasoma usoni mwa mdogo wake alipoingia, akasema "alhamdulillahi, tumwachie Mungu," na kumshika mkono akamketisha. Mwalimu akazamisha miguu. Maji yakaingia kila mahali palipokuwa pakiuma, akafumba macho. Hii ndiyo ile raha aliyoingoja, imefika, na alishangaa kuona imekuja peke yake, bila ya mtu wa kumwambia kesho saa ngapi.

Dada alikuwa akitoa vitu kwenye mfuko, taulo, chupa tupu, kipande cha utepe. Akatoa raba. Akapindua mfuko, akautikisa, akachungulia ndani.

"Kiatu kingine kiko wapi?"

"Kimeitwa kambini," Mwalimu akasema, na hapo ndipo alipoanza kulia.